Maneno ya Imani na Masikio ya Wasikiaji: Lugha ya Biblia ya Kiswahili katika Nchi ya Singida

Makusudi ya makala hii ni kuchungua maneno machache ya Biblia ya Kiswahili, yale ambayo mafundisho makuu ya dini ya Kikristo yamejengwa juu yake, na kutazama jinsi yanavyosikiwa na watu wa Singida, ambao wengi wao walikijua Kiswahili baada ya lugha nyingine ya nyumbani. Sikukusudia kubishana juu ya dini yenyewe. Hiyo ni kazi ya wachungaji na mapadre, nami si mmoja wao. Walakini mara nyingi nimesikia ikisemwa, hata na wataalamu wa lugha, kwamba tafsiri ya 1952 imekwisha kuwa mali ya watu wote, na kwamba msomaji wa Bara aifahamu sawasawa na msomaji wa Pwani. Neno hilo nadhani halijapimwa. Kulizoea neno ni jambo moja, na kulifahamu ni jambo jingine. Mtu aweza kulitamka neno kila Jumapili kwa miaka hamsini, akaliheshimu, akalia machozi kwa ajili yake, na asiweze kumwambia mjukuu wake maana yake. Na jambo hili si la wanafunzi wa lugha peke yao, kwa kuwa maneno hayo ndiyo yanayotumiwa kuamua nani ashiriki meza ya Bwana, na nani azikwe na mchungaji.

Yafaa kwanza tukumbushane historia kwa ufupi. Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Steere wa Unguja alifanya kazi iliyozaa Agano Jipya la 1879, na Biblia nzima ya Kiunguja ikapatikana 1891. Watu wa Mvita nao walipata Agano Jipya lao 1909 na Biblia nzima 1914. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, alitoa Agano Jipya 1930 na Biblia nzima 1937, iliyopigwa chapa Stuttgart. Kisha ikaja tafsiri ya muungano, iliyokusudiwa kuwapatanisha wasomaji wa Kiunguja na wa Kimvita juu ya Kiswahili sanifu: Agano Jipya 1950, Biblia nzima 1952. Mwisho ilitoka Habari Njema, Agano Jipya 1977 na Biblia nzima 1995.

Katika Singida, wamisionari wa Leipzig walifika Iramba kabla ya vita vya 1914, na katika miaka ya 1920 kazi yao ilishikwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na Singida ikawamo. Mmoja wa wamisionari waliokaa huko, Howard Olson, aliandika mwaka 1964 uchambuzi wa sauti na maumbo ya Kinyaturu ambao sisi wanafunzi wa lugha tungali tukiutumia. Baadaye alijulikana zaidi kwa kuzikusanya tuni za Kiafrika na kuzitia maneno ya nyimbo za kanisa. Nalitaja jina lake kwa sababu yeye alijua vema kwamba mtu anayeimba kwa tuni yake mwenyewe husikia jambo jingine. Swali langu ni kama mtu huyo anayo maneno yake mwenyewe pia.

Nianze na neno haki, kwa kuwa ndilo lililonitia katika uchunguzi huu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikusanya maneno katika kijiji kimoja karibu na Ilongero. Walikuwapo akina mama kumi hivi, pamoja na mwinjilisti wao. Nikawasomea kisa cha Farisayo na mtoza ushuru katika Luka 18, nikawauliza: huyu mtoza ushuru aliyerudi nyumbani kwake amehesabiwa haki, amepata nini? Bibi mmoja akajibu bila kusita, “Ameshinda kesi, mwanangu.” Nikamwuliza amejuaje. Akasema mwenye haki ni yule ambaye baraza limeamua kwamba shamba ni lake. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: “Lakini si yeye mwenyewe amekiri kwamba ana dhambi? Basi hakimu huyo amekula kitu.”

Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa maana nilikuwa nimesoma vitabu vingi ng’ambo juu ya barua ya Paulo kwa Warumi, wala sikuwahi kuona jambo hili likielezwa kwa ukali kama huo. Kitenzi cha Kiyunani dikaioun ni kitenzi cha barazani, na maana yake ni kumtangaza mtu kuwa hana hatia. Bibi yule alikuwa ameifikia maana hiyo kwa njia ya mashamba ya Ilongero. Tena alikuwa ameiona aibu iliyomo ndani yake, yaani kwamba hakimu amemwachilia mtu aliyejihukumu mwenyewe kwa kinywa chake. Wengi wetu tumelizoea fundisho hili hata hatuioni tena aibu hiyo.

Hata hivyo yatupasa kuona kwamba alifika hapo kwa bahati. Kwa Kiswahili cha leo neno haki limeegemea upande wa stahili. Twasema haki za binadamu, haki za wafanyakazi, haki ya kupiga kura. “Mwenye haki” ni mdai aliyeshinda, au anayestahili kushinda. Si mtu mwema. Wale waliotafsiri Biblia ya 1952 walilitumia neno hilo kwa mtu mnyofu mbele ya Mungu, na pengine wakati wao lilichukulika. Lakini lugha haikai mahali pamoja. Kijana wa sekondari wa Singida akisikia kwamba mtu amehesabiwa haki, aweza kudhani kwamba amepewa kile alichokuwa akikidai. Na hapo fundisho limepinduliwa juu chini, maana mtoza ushuru hakudai kitu.

Mwinjilisti ndiye aliyelinusuru jambo. Alimgeukia bibi akamwuliza, “Mama, jioni ukihesabu mbuzi zizini, yule kilema humhesabu?” Akajibu, “Humhesabu.” “Kwa kuwa ana miguu mizuri?” “Kwa kuwa ni wangu.” Mwinjilisti akasema, “Basi.” Na kikao kikaendelea na mambo mengine.

Nawaomba wasomaji watazame alichokifanya mtu huyu, ambaye hakusoma isimu. Ameliacha jina, haki, akakishika kitenzi, kuhesabu. Na kitenzi hicho nacho kina asili yake, kwa kuwa Paulo katika Warumi 4 anakirudia mara nyingi kitenzi cha kuhesabu anapomweleza Ibrahimu, akikitoa katika Mwanzo 15. Watafsiri wa 1952 walikitunza kwa uaminifu. Ila mahubiri na katekisimu aghalabu huligonga jina na kukiruka kitenzi.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu kubwa. Lugha zetu za Kibantu hubeba uzito wa maana katika kitenzi na katika viambishi vyake. Mnyaturu, Mnyiramba na Mswahili wote huambia kwa kitenzi nani ametenda, ametendewa nani, na kama wametendeana. Majina ya dhana yaliyoundwa kwa u-, wokovu na ukombozi na utakaso na upatanisho, huwaficha watendaji wote. Na majina yaliyotoka Kiarabu, kama neema, dhambi na toba, yaliingia Bara yakiwa tayari yamefungwa. Mafundisho ya kanisa, ambayo kwa Kiyunani na Kiebrania ni habari ya mmoja kumtendea mwingine, huja yakiwa kama mizigo yenye vibandiko. Nasi hufundishwa kuvisoma vibandiko.

Tutazame kitenzi kuokoa. Kina jamaa wawili: kuokolewa, ambacho ni cha kutendwa, na kuokoka, ambacho hufanana na kufunguka na kuchomoka. Kuokolewa humtaka mtendaji, nasema “ameokolewa na jirani.” Kuokoka hakumtaki, gari limepinduka, na dereva ameokoka. Hakuna anayeuliza ni nani aliyemwokoa. Ule uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, na kuenea hata kwetu, ulikifanya kitenzi hiki cha pili kuwa alama yake. Ndiyo maana hata leo tunalo neno mlokole, lililotujia kutoka Kiganda. Katika Singida nimesikia mara nyingi sana “fulani ameokoka,” na nikiuliza maana yake, hujibiwa kwamba ameacha pombe, ameacha matambiko, anasali. Yote hayo ni mambo mema, au mengi yao. Lakini angalieni: mtendaji wa kila kitenzi katika jibu hilo ni yule mtu mwenyewe. Mungu ametoweka katika sarufi.

Sitaki kusema kwamba watu hao hawamjui aliyewaokoa. Wanaposhuhudia husema pia kwamba Yesu amewaokoa, kwa kitenzi chenye mtendaji kamili. Nasema tu kwamba neno lililoshinda katika mazungumzo ya kila siku ni lile lisilo na mtendaji, na kwamba neno hilo limekuwa jina la hali na la kundi: mtu yumo au hayumo. Kwa kanisa ambalo fundisho lake la kwanza, tangu Luther, ni kwamba mtu haokolewi kwa matendo yake, hilo si jambo dogo. Kiambishi kimoja chaweza kufanya kazi ambayo mabishano ya karne nne hayakuifanya.

Neno la tatu ni imani, na hapa natoa ushuhuda wa upande mwingine, usije ukadhaniwa kwamba kila neno geni ni hasara. Asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa amini, amana na mwaminifu. Lakini Waswahili waliliongezea maana ambayo nadhani Steere hakuitegemea. Mtu “mwenye imani” ni mtu mwenye huruma. Mtu “asiye na imani” ni katili, ampitaye mwenye njaa bila kumtazama. Maana hii imefika Singida na kukaa. Katekisimu nayo imeongeza ya tatu, kwa kuwa ile ya Mitume ikaririwayo ibadani huitwa Imani tu, hata watoto husema wamekwisha “kuishika Imani,” wakiwa na maana ya kuikariri.

Basi nilikuwapo katika kikundi kimoja huko Mtinko kilichokuwa kikisoma Waraka wa Yakobo sura ya pili, pale panapotajwa ndugu asiye na nguo wala chakula. Nilikuwa nikingoja mgogoro. Wajuzi wa Ulaya wameshughulika sana kumpatanisha Yakobo na Paulo, na Luther mwenyewe katika dibaji yake ya 1522 aliuita waraka huu waraka wa majani makavu. Mtinko hapakuwa na mgogoro wowote. Mzee mmoja alisema kwamba imani isiyotoa chakula si imani, na wenzake wakaitikia kwa kichwa kama watu wanaoambiwa kwamba maji ni majimaji. Kwa nini? Kwa sababu masikioni mwao neno lilikuwa limekwisha kuwa na tendo ndani yake. Huruma isiyotoa si huruma. Singida ni nchi ya mvua chache. Njaa si mfano wa mhubiri huko, na kila aliyekuwa katika kikundi kile alikuwa amepata kupewa unga na jirani au kuutoa.

Je, wamesoma vibaya? Mtaalamu wa Agano Jipya atasema kwamba pistis si huruma. Ni kweli. Lakini Kiebrania kilichosimama nyuma ya Habakuki 2:4, maneno ambayo Agano Jipya limeyachukua mara tatu, chasema juu ya uthabiti na uaminifu wa mtu, si juu ya kukubali maneno kwa akili. Nadhani wazee wa Mtinko wako karibu na Habakuki kuliko baadhi ya vitabu nilivyotahiniwa kwavyo. Hasara yao iko kwingine: wanapomfikia Paulo, neno lile lile huwaambia kwamba mtu aokolewa kwa kuwa na huruma, na hapo Paulo atakuwa amekana alichokiandika. Neno limewasaidia katika waraka mmoja na kuwapoteza katika mwingine. Mwalimu asiyelijua jambo hili atawafundisha Warumi mwaka mzima na asijue kwa nini hawamfuati.

Sasa nije kwa Roehl. Imekuwa desturi kumdharau. Alitaka kuyaondoa maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, na mengi aliyoyaweka hayakupata wenyewe. Injili aliiita Utume mwema, nabii akamwita mfumbuaji, na haki akaifanya wongofu. Watu wa Pwani waliona kwamba wamenyang’anywa maneno waliyoyatumia tangu mababu, nao walikuwa na sababu. Kuligeuza neno “nabii,” ambalo kila mtoto alijua, lilikuwa ni kosa la mtu anayedhani kwamba usafi wa lugha ni ukoo wake. Hata hivyo kuna neno moja ambalo sikubali lizikwe pamoja na mengine, nalo ni mtambikaji, alilolitumia kwa kuhani.

Kwa msikiaji wa Singida, kuhani ni neno la Biblia tu. Halina mtu wa kumwonyesha. Kwa Kiarabu asili yake humkaribia mwaguzi, na Pwani hulikaribia neno la kuhani msiba. Yote mawili hayamsaidii msomaji wa Waebrania. Mtambikaji yeye ajulikana. Ni mzee asimamaye kwa niaba ya ukoo, akatoa mnyama au pombe, akaomba mvua au uzima kwa waliotangulia. Watu wengi wa kanisa watasema kwamba ndiyo sababu neno hilo halifai, maana laleta harufu ya matambiko ndani ya Biblia. Nami nasema Waraka kwa Waebrania umeandikwa kwa watu wenye harufu hiyo puani. Hoja yake yote ni kwamba yule mmoja ametoa mara moja, na baada yake hapana haja ya mwingine. Mtu asiyejua kutambika hataona ni nini kilichokomeshwa.

Mjomba wangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na Biblia ya Roehl aliyoachiwa na mwinjilisti wa zamani. Mwaka mmoja wa ukame alikwenda pamoja na wazee wenzake katika tambiko la mvua, akatengwa na usharika wake, ambao sitautaja. Alikaa nje miaka kumi na mmoja. Aliambiwa kwamba atarudi kundini akiungama. Naye alisema yuko tayari kuungama, ila kwanza aelezwe jambo moja: kwa nini yeye ametengwa kwa kutambika, na Kitabu kinamwita Yesu Mtambikaji Mkuu? Swali hilo lilihesabiwa kuwa ni jeuri. Waliomsikiliza walikuwa na Biblia ya 1952, na humo neno hilo halimo, wakadhani amelizua. Hakuna aliyemwomba afungue kitabu chake. Kama mtu mmoja angekaa naye kuanzia sura ya saba mpaka ya kumi, neno lile lile lililomtatiza ndilo lingemjibu. Alifariki kabla ya kurudi kundini, nasi jamaa tukamzika wenyewe.

Sisemi Roehl arudishwe. Nasema watafsiri wa 1952, katika kulitupa neno hilo, walikuwa wakimtazama msomaji wa Unguja na Mombasa, na walifanya vizuri kwa ajili yake. Bali gharama yake ililipwa Bara, na haijaandikwa katika hesabu yoyote.

Juu ya Habari Njema sina maneno mengi. Imefanya kazi ya maana kwa kufungua yaliyofungwa. Mahali pa kuhesabiwa haki husema mtu kukubaliwa kuwa mwadilifu, na kijana wa sekondari hatadhani tena kwamba amepewa madai yake. Lakini pamoja na haki, kuhesabu nako kumekwenda, na mbuzi kilema wa mwinjilisti hana zizi tena. Kukubaliwa ni jambo la ofisini. Barua ya maombi nayo hukubaliwa. Tena “mwadilifu” ni neno la waliosoma. Nimelijaribu kwa akina mama wale wale wa Ilongero, wakasema ni mtu asiyeiba fedha za chama. Si maana mbaya, ila mtoza ushuru hakuwa hivyo.

Wanaofikiria kuisahihisha tena Biblia ya Kiswahili wangefanya vema kuyasikiliza maneno haya masikioni mwa watu kabla ya kuyapima katika kamusi, na hasa kuwauliza wainjilisti wa vijijini ni neno gani hulikimbia wanapoona kwamba hawasikiwi, na hukimbilia lipi. Kinyaturu na Kinyiramba vilikwisha kupata Agano Jipya katika karne ya ishirini. Hizo nazo ni hazina, maana kila mtafsiri wake alilazimika kuchagua pale ambapo Kiswahili kiliazima. Sijaona bado mtu aliyeziweka tafsiri hizo kando ya ile ya 1952, neno kwa neno, katika Warumi na Waebrania.

Biblia ya mjomba ninayo mimi sasa. Jalada limeng’oka, na mchwa wamekula sehemu ya Mambo ya Nyakati. Katika Waebrania amepiga mstari kwa kalamu ya risasi chini ya kila neno mtambikaji, na pembeni mwa sura ya kumi ameandika neno moja la Kinyaturu lenye maana ya “imetosha.” Tarehe hakuiandika.